Mabingwa wa tarakimu: wapangaji na wenye hati

Jumanne ya tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, ikifika sekunde ya saba, kompyuta yoyote itakayokuwa bado inahesabu muda kwa mtindo wa zamani itaishiwa na namba. Kompyuta hizo huhesabu sekunde tangu mwaka 1970 ulipoanza, na hesabu hiyo imetengewa nafasi ya biti 32 tu. Namba kubwa kuliko zote inayoenea humo ni 2,147,483,647. Sekunde inayofuata haina pa kuandikwa. Hesabu inapinduka na kuwa hasi, na kalenda ya mashine inajikuta imerudi Desemba 1901.

Mafundi wa kompyuta wana sababu ya kuiogopa namba hii. Mimi naipenda, maana kabla mashine ya kwanza haijaundwa ilishawahi kuwa bingwa wa dunia.

Ni namba tasa, yaani haigawanyiki kwa chochote isipokuwa 1 na yenyewe. Aliyelithibitisha hilo ni Leonhard Euler, mwaka 1772, akiwa St. Petersburg na macho yake karibu yamepofuka kabisa. Kazi yenyewe si ya kubeza. Kutaka kujua kama namba ya ukubwa huu ina kigawo, inakubidi ujaribu namba tasa moja baada ya nyingine hadi ufike kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na ushei. Euler alitumia akili kabla ya kutumia nguvu. Namba hii ni 2³¹ − 1, na kwa sababu ya umbo hilo aliona kwamba kigawo chake chochote, ukikigawanya kwa 248, lazima kibakishe 1 au 63. Kwa sharti hilo moja, lundo zima la majaribio likabaki konzi. Akayafanya yaliyobaki, hakuna lililogawanya, na dunia ikapata namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana.

Mwaka 1811, Mwingereza Peter Barlow akaandika kitabu cha nadharia ya namba na humo akatoa hukumu. Alikuwa anazungumzia namba kamilifu, zile ambazo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha namba ile ile: 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Tangu enzi za Euclid ilijulikana kwamba kila namba tasa ya umbo la Euler inazaa namba kamilifu. Ile ya 1772 inazaa 2,305,843,008,139,952,128. Barlow akasema hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa namba hizi zinavutia tu bila kuwa na manufaa, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine.

Barlow alijua hesabu vizuri. Hakujua jinsi binadamu anavyoweza kushikwa na jambo lisilomlipa hata senti. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba 2¹²⁷ − 1 ni tasa: tarakimu 39, kazi ya kalamu na karatasi, na hadi leo hakuna namba tasa kubwa zaidi iliyowahi kuthibitishwa bila msaada wa mashine. Mwaka 1883 padri wa Kiorthodoksi wa Urusi, Ivan Pervushin, akaongeza 2⁶¹ − 1. Leo namba za aina hii zinazojulikana ni 52. Ile ya Euler ni ya nane.

Nimekaa na namba hizi miaka mingi, na nimeona kwamba mabingwa wake ni wa makundi mawili. Wapo wanaokalia cheo kama mpangaji anavyokalia nyumba: leo wako ndani, kesho wanatolewa, na hata wao wanajua. Na wapo wenye hatimiliki, ambao hakuna atakayewatoa milele, si kwa sababu hatujatafuta vya kutosha, bali kwa sababu imethibitishwa kwamba mbele yao hakuna kitu. Watu husikia habari za kundi la kwanza tu. Mimi kundi la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Tuanze na wapangaji, hata hivyo, kwa kuwa mpangaji mkuu wa sasa ni wa kutisha. Ni 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1. Ilithibitishwa tarehe 12 Oktoba 2024 kwa juhudi za Mmarekani Luke Durant, ndani ya GIMPS, mradi alioanzisha George Woltman mwaka 1996 ili kuunganisha kompyuta za watu wa kujitolea kupitia intaneti. Kwa miaka 28 kompyuta za kawaida za nyumbani ndizo zilizotoa mabingwa wa mradi huo. Durant alikodi chipu zilizobuniwa kwa ajili ya michoro, katika vituo vya kompyuta vilivyotapakaa kwenye nchi 17. Moja iliyoko Dublin ikatoa ishara, na nyingine huko San Antonio, Texas, ikathibitisha kesho yake. Bingwa aliyetangulia, wa Desemba 2018, alikuwa na tarakimu 24,862,048. Huyu mpya anazo 41,024,320. Ukipenda hesabu ya kwetu, ni laki mia nne na kumi na kitu, na hapo tunahesabu tarakimu tu. Anayetaka kuiandika kwa mkono, tarakimu moja kila sekunde, usiku na mchana bila kuweka kalamu chini, atamaliza baada ya siku 475. Ikichapishwa kitabuni, tarakimu 3,000 kwa ukurasa, itakula kurasa zaidi ya 13,600.

Na bado mtoto wa darasa la sita anaweza kukuambia tarakimu yake ya mwisho. Zidisha 2 kwa 2 mfululizo na utazame mkia wake tu: 2, 4, 8, 6, kisha 2, 4, 8, 6 tena, bila kuchoka. Duara hilo lina hatua nne, kwa hiyo gawanya kipeo kwa 4. 136,279,841 inabakisha 1. Basi tuko hatua ya kwanza, mkia ni 2, toa 1, na namba tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana inaishia na 1. Nawaomba walimu wajaribu hili darasani. Hakuna njia rahisi zaidi ya kumwonyesha mtoto kwamba ukubwa wa namba hauizuii kujulikana.

Ujanja huo huo unafika mbali zaidi. Namba ya Graham, iliyotajwa na Martin Gardner mwaka 1977 katika jarida la Scientific American, iliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 1980 kama namba kubwa kuliko zote zilizowahi kutumika katika uthibitisho wa hesabu. Ulimwengu tunaouona hauna nafasi ya kuandikia tarakimu zake zote, hata ukiandika kwa herufi ndogo namna gani. Lakini imejengwa kwa kupandisha 3 juu ya 3 juu ya 3, na mikia ya vipeo vya 3 ni 3, 9, 7, 1. Kipeo kilichobebwa juu yake ni 3 iliyopandishwa kwa namba witiri, na namba ya namna hiyo ukiigawanya kwa 4 hubakisha 3 siku zote. Hatua ya tatu, basi. Tarakimu ya mwisho ya namba ya Graham ni 7. Nayo cheo chake kilishachukuliwa na namba kubwa zaidi, kama inavyompata kila mpangaji.

Kwa nini namba tasa hazina bingwa wa kudumu? Euclid alilimaliza suala hili zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Chukua namba tasa zote unazozijua, zizidishe pamoja, ongeza 1. Namba unayoipata ukiigawanya kwa yoyote kati ya zile zako inabakisha 1, kwa hiyo kigawo chake tasa, chochote kile, hakimo kwenye orodha yako. Orodha haifungiki kamwe. Ndiyo maana shirika la Electronic Frontier Foundation limeweza kuahidi dola 150,000 kwa wa kwanza atakayepata namba tasa yenye tarakimu milioni 100. Ipo. Kilichobaki ni kuifikia.

Wapo pia waliovuliwa taji. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne alitoa orodha ya vipeo ambavyo, kwa maoni yake, vinaleta namba tasa, na 67 kilikuwemo. Lucas alionyesha mwaka 1876 kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, lakini njia yake haikutaja vigawo. Ilikuwa kama kujua kwamba ndani ya nyumba mna mtu bila kujua ni nani. Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati New York, Frank Nelson Cole alipanda jukwaani. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Akaandika ubaoni 147,573,952,589,676,412,927, akahamia upande wa pili na kuzidisha kwa mkono 193,707,721 mara 761,838,257,287, hatua kwa hatua, hadi majibu mawili yakafanana. Akarudi kukaa, na ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Mapacha nao wana rekodi yao. Namba tasa zinazopishana kwa 2, kama 11 na 13, huitwa pacha, na jozi kubwa inayojulikana, ya mwaka 2016, ina tarakimu 388,342 kwa kila mmoja. Kama jozi hizo zinaisha au haziishi, bado haijathibitishwa.

Sasa wenye hati.

Kiswahili kiliwapa namba hizi jina zito, tasa, neno la mtu asiyejaliwa mtoto. Nataka kuonyesha kwamba baadhi yao walizaa, na ukoo wao ukakatika. Chukua 7. Weka 3 kuliani kwake, unapata 73, nayo ni tasa. Endelea: 739, 7393, 73939, 739391, 7393913, 73939133. Zote nane ni tasa. Ukianza na 73,939,133 na kufuta tarakimu moja moja kutoka kulia, kila kinachobaki ni tasa hadi 7 mwenyewe.

Ukoo huu unaweza kuandikiwa shajara yote, kwa kuwa waasisi ni wanne tu: 2, 3, 5 na 7. Mtoto hupatikana kwa kuongeza 1, 3, 7 au 9 upande wa kulia, maana tarakimu nyingine yoyote ingempa kigawo 2 au 5. Kizazi cha pili kina wanachama 9. Cha tatu 14. Cha nne 16, na hicho ndicho kilele. Kisha wanaanza kupungua: 15, halafu 12, halafu 8. Kizazi cha nane wanabaki watano, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeacha mtoto. Jumla ya ukoo mzima ni namba 83, na mkubwa wao wote ni 73,939,133. Jaribu kumwongezea 1 kuliani: jumla ya tarakimu inakuwa 39, kwa hiyo inagawanyika kwa 3. Mwongezee 7: jumla ni 45, mambo yale yale. 3 na 9 nazo zinashindwa, kila moja kwa kigawo chake. Mlango umefungwa. Kompyuta zote za dunia zikiunganishwa kwa miaka milioni hazitampata mwingine.

Ukifuta kutoka kushoto, ukoo ni mnene zaidi. Wanachama ni 4,260 na bingwa ni 357,686,312,646,216,567,629,137, tarakimu 24. Huyu naye ana hati.

Mwenye hati mwingine nampenda kwa uvumilivu wake. Tazama kwanza 381,654,729, inayotumia kila tarakimu kuanzia 1 hadi 9 mara moja. Tarakimu mbili za mwanzo, 38, zinagawanyika kwa 2. Tatu za mwanzo, 381, kwa 3. 3816 kwa 4. 38165 kwa 5. Inaendelea hivyo, kila hatua ikitii, hadi namba nzima inapogawanyika kwa 9. Hakuna nyingine ya kupangwa hivyo kwa tarakimu hizo tisa. Ukiruhusu tarakimu zijirudie na sifuri ziingie, namba zenye utii wa namna hii ni 20,456 tu, na ndefu kuliko zote ni 3,608,528,850,368,400,786,036,725. Ina tarakimu 25. Ukitaka kuongeza ya 26, inabidi namba mpya igawanyike kwa 26, na hakuna tarakimu yoyote, kuanzia 0 hadi 9, inayokubali. Kadiri hatua zinavyoongezeka, masharti yanakaza huku machaguo yakibaki yale yale kumi. Ndivyo kila ukoo wa aina hii unavyokufa.

Halafu kuna zinazojijenga zenyewe. 153 ina tarakimu tatu, na 1³ + 5³ + 3³ ni 153. 8208 ina tarakimu nne, na kila tarakimu ikipandishwa kwa kipeo cha nne jumla inarudi 8208. Za namna hii, ukiacha sifuri, ni 88 katika uandishi wetu wa makumi. Sababu ya kuwa na mwisho ni rahisi kuliko inavyotarajiwa: hata kama tarakimu zote zingekuwa 9, namba ikifika tarakimu 61 jumla ya vipeo haiwezi tena kufikia ukubwa unaohitajika. Bingwa wao ni 115,132,219,018,763,992,565,095,597,973,971,522,401. Hesabu tarakimu: 39, sawasawa na zile za namba tasa ya Lucas. Hiyo ni sadfa tu, lakini nilipoigundua nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

Mwingereza G. H. Hardy, katika kitabu chake cha mwaka 1940 cha kuitetea hisabati, alizitaja 153 na wenzake kama mifano ya vitu visivyompa mwanahisabati chochote cha maana. Namheshimu sana Hardy, na naelewa alichokitafuta: ukweli unaofungua kweli nyingine. Lakini uthibitisho kwamba orodha fulani imekamilika ni kazi ya maana. Anayesema "hakuna zaidi" amebeba mzigo mzito kuliko anayesema "nimepata moja".

Hardy huyo huyo ndiye aliyeipa umaarufu 1729. Alikwenda Putney, London, kumwona Srinivasa Ramanujan kutoka India aliyekuwa mgonjwa kitandani, na kwa kukosa la kusema akataja kwamba teksi iliyomleta ilikuwa namba 1729, namba isiyo na ladha. Ramanujan akakataa. Akasema ni ndogo kuliko zote zinazoweza kuandikwa kwa njia mbili kama jumla ya michemraba miwili: 1³ + 12³, na pia 9³ + 10³. Cheo cha "ndogo kuliko zote" kina hati siku zote, kwa kuwa waliotangulia wanaweza kukaguliwa hadi wa mwisho. Ndogo kuliko zote kwa njia tatu ilipatikana na John Leech mwaka 1957: 87,539,319. Chukua karatasi: 167³ + 436³, 228³ + 423³, 255³ + 414³.

Ramanujan alikuwa na shughuli nyingine ya rekodi, na hii ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Mwaka 1915 alichapisha utafiti juu ya namba ambazo ni kinyume cha tasa: namba yenye vigawo vingi kuliko namba zote zilizo ndogo kuliko yenyewe. 12 ni mojawapo, ndiyo maana saa yetu inagawika vizuri. 60 na 360 zimo. 5040 imo, na hiyo ina historia: Plato, katika kitabu chake cha Sheria, aliichagua kuwa idadi ya wenye ardhi wa mji wake bora, akieleza kwamba ina vigawo 59 ukiiacha yenyewe, na inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 10. Mji wa namna hiyo unaweza kupangwa katika mafungu ya aina nyingi bila mtu kubaki nje.

Ramanujan alitengeneza jedwali la namba hizi kwa mkono, likapanda hadi 6,746,328,388,800, yenye vigawo 10,080. Ni kazi ya kushangaza. Lakini njiani aliruka moja: 293,318,625,600. Waliokagua jedwali baadaye ndio walioiona nafasi hiyo.

Nilikaa na namba hizo mbili jioni nzima. Ile ya mwisho wa jedwali, ukiivunja, ni 2⁶ × 3⁴ × 5² × 7² × 11 × 13 × 17 × 19 × 23. Kupata idadi ya vigawo, ongeza 1 kwa kila kipeo kisha zidisha: 7 × 5 × 3 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, nayo ni 10,080. Ondoa 23 ya mwisho, yaani gawanya namba nzima kwa 23, na unachopata ni 293,318,625,600, ile ile aliyoiruka. Vigawo vyake, kwa kuwa 2 moja imeondoka kwenye mazidisho, ni nusu ya 10,080. Ni 5040.

Nilirudia hesabu hiyo mara tatu kabla ya kuamini. Namba iliyomponyoka Ramanujan ina vigawo vingi sawa na wananchi wa Plato.